Mbu Anayekufa Siku ya Tatu

Sévère ni mwendesha pikipiki wa Kavimvira, mjini Uvira. Anapenda kila kitu kiende mbio: pikipiki, chakula, hata sala ya Jumapili. Mkewe, Olive, anaanika ndagala, samaki wadogo wa ziwani, na kuziuza sokoni. Wana binti mmoja, Chance. Mwaka jana malaria nusura imwue Chance, akaongezewa damu hospitalini. Sasa Olive ana mimba ya miezi sita, na Sévère anaogopa. Hasemi, lakini anaogopa sana.

Kituo cha afya kilipogawa vyandarua vipya, alitundika chao siku hiyo hiyo. Asubuhi alitafuta mbu waliokufa, hakuona hata mmoja. Ukutani walikaa mbu watano, wazima kabisa. Chandarua chao cha zamani, kilipokuwa kipya, kiliangusha mbu palepale. Alichukua kisu ili akate hiki kipya, angalau kifunike ndagala zisiguswe na nzi.

Olive alimshika mkono. Akamwita jirani yao Ninahazwe, mhamasishaji wa afya wa mtaa. Mama huyu pia hukamata mbu kwa ajili ya watafiti wanaopima dawa za vyandarua.

"Mama Ninahazwe, hii chandarua haina kazi," Sévère alisema. "Minye nimeona na macho yangu. Mubu iko inatembea juu yake, kisha inaruka inaenda."

"Weye ulitaka ianguke palepale?"

"Ndiyo. Dawa ni ya kuua."

"Hii iko inaua pole pole, Papa Chance."

Pole pole! Hakuna mwendesha pikipiki anayependa neno hilo. Ninahazwe alimcheka kidogo. Kwanza alimkataza kuweka chandarua chenye dawa juu ya chakula. Kisha akaeleza.

Dawa ya zamani hupiga mishipa ya fahamu ya mbu, naye huanguka haraka. Lakini mbu wachache waliihimili, wakazaa watoto wanaoihimili, mpaka wakajaa kote. Wanasayansi wakatafuta dawa ya aina nyingine. Wazo lilitoka kwa kijidudu cha udongoni, kidogo hata macho hayakioni, kinachotengeneza sumu yake chenyewe. Wakaigeuza sumu ile, ikatumika kwanza kwa wadudu wa mashamba. Ilipimwa miaka mingi kabla ya kutiwa katika vyandarua pamoja na dawa ya zamani. Hii mpya inazuia mwili wa mbu kutengeneza nguvu. Mbu anaruka, anachoka, halafu anakufa, pengine siku ya pili au ya tatu.

"Hayo ni maneno," Sévère alisema. "Minye niko na bibi mwenye mimba."

Ninahazwe hakubishana. Aliwanyonya wale mbu watano kwa mrija wake wa kukamatia mbu, wenye wavu ndani ili wasifike mdomoni, akawatia katika kikombe cha karatasi. Akafunika kwa kitambaa chepesi na kuweka pamba yenye maji ya sukari. Katika kikombe cha pili alitia mbu watano wa nyumba ya jirani mwingine, ambako chandarua ni cha dawa ya zamani. Aliviacha vyote mezani kwa Sévère.

Siku ya kwanza mbu wote waliruka, Sévère akanuna. Siku ya pili wawili wa nyumbani kwake walilala chali. Siku ya tatu wote watano walikuwa wamekufa. Katika kikombe cha jirani, wanne bado waliruka.

Sévère alikaa chini. Alifurahi, na aliona aibu.

"Mama, ningeikata," alisema taratibu. "Ningeumiza mtoto wangu na kisu yangu mwenyewe."

"Hukuikata. Sasa uichunge. Mulale ndani kila siku. Muioshe pole pole na sabuni ya kawaida, muianike kwenye kivuli, sababu jua inaharibu dawa. Na Mama Chance asiache dawa anazopewa kliniki."

Walifanya hivyo. Miezi mitatu ikapita, na Olive hakushikwa na homa hata siku moja. Alipojifungua, Bernardine, muuguzi wa kituo cha afya, alimpima mtoto wa kiume, na mizani ikaonyesha kilo tatu na nusu. Sévère alilia mbele ya watu wote.

Wenzake wa pikipiki walimwuliza jina la mtoto. Alijibu kwa sauti iliyofika hadi ufukweni.

"Ushindi."