Kisanduku Nilichokiacha Wazi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilijaza maji chupa sita na kuzipanga kwenye friji. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu nyumbani, na Baba akiwa baharini ilikuwa kazi nyepesi, maana mimi na Mama hatukumaliza hata chupa tatu kwa siku. Baba alikuwa fundi wa injini katika meli ya mizigo. Kati ya miezi kumi na miwili, tisa alikuwa chini kabisa ya meli, kwenye joto na kelele, na mitatu alikuwa nyumbani kwetu, mjini Iloilo. Nilizoea kumpenda kwa simu. Wiki nzima nilimwekea habari za kumsimulia Jumapili, meli ikipata mtandao. Simu ikikatika katikati, habari zilizosalia nilimsimulia paka.

Mwaka nilipotimiza miaka kumi na miwili, Baba alirudi amekonda. Nilipokea mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso wangu, kama tunavyowaamkia wakubwa, nikaona saa yake inateleza mpaka kwenye kiwiko. Na chupa zangu zikaanza kuisha kabla sijarudi kutoka shule.

"Baba, unakunywa kama nyati," nilimtania.

"Maji ya meli yana ladha ya chuma, Inday," akasema. Kwetu mtoto wa kike huitwa Inday hata awe na jina zuri namna gani, na langu ni Rodelyn. "Acha ninywe ya kwangu."

Jumamosi moja alimwambia Mama kwamba ananipeleka kununua viatu vya shule. Viatu hatukununua. Tulivuka mto, tukaingia zahanati ndogo katika mtaa ambao hakuna aliyetujua. Daktari alimtoboa kidole, akatazama kimashine chake, kisha akatoboa kidole kingine ili ahakikishe.

"Una kisukari, ndugu yangu," alisema. "Vidonge hivi, kimoja asubuhi, kimoja jioni, tena na chakula. Usiruke chakula. Ukiona unatetemeka na jasho baridi linakutoka, kula sukari upesi."

Njiani Baba alinunua chupa ya vitamini. Alimwaga vitamini zote mtaroni, akatia vidonge vyake humo.

"Mama asijue," aliniambia.

"Kwa nini?"

"Mama akijua atamwambia bibi yako. Bibi atawaambia wenzake wa kanisani, na siku ya tatu wakala wa meli atakuwa na habari. Sitapanda meli tena. Nina miaka arobaini na minne, Inday. Nchi kavu nani ataniajiri? Na bima ya kampuni, ile iliyolipia upasuaji wa Mama, inaondoka pamoja na kazi."

Nikaahidi. Sikujua kwamba ahadi inaweza kuwa nzito vile. Zamani nilikuwa mpweke kwa sababu Baba alikuwa mbali, na upweke huo niliuzoea. Sasa alikuwa ameketi mezani hatua mbili kutoka kwangu, akicheka na Mama, na mimi nilikuwa mpweke zaidi. Mama akimpakulia kilima cha wali, nilimtazama Baba akila, nikihesabu vijiko. Shuleni rafiki yangu Jonalyn aliniuliza kwa nini siku hizi sicheki. Nikamwambia jino linaniuma. Jino lile liliniuma mwezi mzima.

Tarehe ya kupimwa na daktari wa mabaharia, ambaye bila cheti chake hakuna apandaye meli, ilipokaribia, Baba alianza mambo mengine. Mabaharia wana mafundisho yao ambayo hayamo katika kitabu chochote: wiki ya mwisho unaacha wali kabisa, unakunywa maji ya karela mabichi, yale matunda machungu kama shubiri, asubuhi na jioni, na damu inatoka safi. Baba aliyafuata yote, na kwa kuwa alitaka damu iwe safi zaidi, akaongeza vidonge mara mbili. Mama aliamini kwamba anapunguza tumbo. Akamsifu.

Asubuhi ya Jumatatu Mama alikuwa sokoni. Nilikuwa najaza chupa zangu niliposikia kiti kinaanguka. Baba alikuwa sakafuni, shati limelowa, mikono inatetemeka. Alinitazama kama mtu asiyenifahamu.

Nilikumbuka maneno ya daktari wa ng'ambo ya mto. Nilikoroga sukari vijiko vinne kwenye glasi ya maji, nikampakata kichwa na kumnywesha kidogo kidogo, huku nikimwita. Baada ya muda mrefu macho yake yalirudi.

"Inday," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Mama yako hajarudi?"

Hilo ndilo alilouliza kwanza. Nilikwenda jikoni nikalia, bomba likiwa wazi ili asinisikie.

Jioni yake Baba aliniletea fomu ya zahanati ya mabaharia niijaze. Fomu zake zote nilizijaza mimi, kwa sababu mkono wake ulizoea spana na mwandiko wake ulikuwa kama kuku amepita. Ukurasa wa pili ulikuwa na orodha ndefu ya maradhi, na mbele ya kila moja visanduku viwili, Ndiyo na Hapana.

"Weka Hapana mpaka chini," alisema, akaenda kuoga.

Kifua kikuu, Hapana. Kifafa, Hapana. Nikafika kwenye kisukari, kalamu ikasimama. Chini kabisa kulikuwa na maandishi madogo: baharia atakayeficha ugonjwa anaoujua atapoteza haki zake zote za fidia na bima.

Maneno hayo niliyajua kabla ya kuyasoma. Jirani yetu Manang Nening aliyasema mara nyingi, akichoma ndizi zake za kuuza. Mumewe alikuwa mpishi wa meli. Alificha maradhi ya moyo, akafia bandarini nchi ya mbali, na kampuni ikatoa fomu yenye alama aliyoiweka kwa mkono wake mwenyewe. Manang Nening alipewa jeneza na sanduku la nguo, basi. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alikuwa akisema. "Lakini yeye alishazikwa. Aliyeumbuka ni mimi."

Ningeweka Ndiyo, ningekuwa nimemsaliti Baba. Ningeweka Hapana, mkono ulioficha ungekuwa wangu. Sikuweka kitu. Niliendelea na maradhi mengine mpaka mwisho, nikaikunja fomu na kuitia kwenye bahasha. Siku mbili zilizobaki kabla ya vipimo sikula vizuri. Kila Baba alipoigusa bahasha, nilitoka nje.

Siku ya vipimo shule zilikuwa zimefungwa, na Baba akataka nimsindikize. Muuguzi aliipitia fomu kwa ncha ya kalamu.

"Nani kakujazia? Mwandiko mzuri hivi."

"Binti yangu huyu."

"Hongera zake. Ila kuna mahali ameruka." Aliigeuza fomu na kumsogezea Baba kalamu. "Hapa, kisukari. Weka tu alama, tuendelee."

Baba alinigeukia. "Umesahau, Inday?"

Wote wawili walikuwa wananitazama. "Sikusahau, Baba," nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo sana. "Nilishindwa."

Baba aliishika kalamu, akaiweka chini, akaishika tena. Niliona anatazama mikono yangu, ile iliyomshikia glasi. Kisha akainama, akaweka alama kwenye Ndiyo. Muuguzi aliondoka na fomu. Sisi wawili tukakaa kwenye benchi, na nilikuwa na hakika kwamba nimemfukuzisha kazi baba yangu.

Dakta Salcedo, mama mwenye nywele fupi za mvi, alituita ndani majibu yalipotoka.

"Kama usingesema, damu ya leo ingenidanganya," alimwambia Baba. "Umejinyima chakula siku ngapi?"

"Saba, Dakta, na vidonge nikavizidisha."

"Siku moja zaidi ungemwachia mtoto maiti." Baba akainamisha kichwa. "Sikiliza. Mabaharia wenye kisukari ninao wengi. Anayekula kwa akili na kumeza dawa zake sawasawa, nampa cheti. Ukifikia kudungwa sindano kila siku, itakuwa habari nyingine, sikufichi. Lakini anayenificha, akianguka karibu na injini, hatalipwa na bima wala na mtu. Leo sikupitishi. Rudi baada ya miezi mitatu na daftari la vipimo vyako vya kila siku."

Meli iliondoka bila yeye. Jioni ile aliiweka chupa ya vitamini mbele ya Mama, akaeleza yote. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekupakulia wali mwezi mzima," alisema. "Nimekununulia soda. Kwa mkono wangu, Rodolfo." Kisha akanitazama, na hapo ndipo alipolia. "Na huyu mtoto alikuwa anajua peke yake?"

Miezi mitatu ile haikuwa rahisi. Baba alitengeneza pikipiki za watu kwenye uga wetu, Mama akapima wali wake kwa kikombe, na mimi nikaandika vipimo kwenye daftari kila asubuhi, baada ya kujaza chupa. Chupa zikaanza kubaki. Aliporudi kwa Dakta Salcedo, daktari alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, akamwandikia cheti chenye masharti: abebe dawa za kutosha, ajipime kila siku, na nahodha ajue. Kampuni ikampa meli ndogo ya safari fupi, mshahara pungufu kidogo, bima ileile.

Siku ya kuondoka alinikuta nikipanga dawa zake kwenye sanduku, safari hii ndani ya boksi lenye jina halisi la dawa.

"Inday, nilikosa," alisema. "Kazi niliiogopea sana mpaka nikakutwisha mzigo wa mtu mzima. Ugonjwa ukisemwa hupata wa kuutibu. Ukifichwa, humla mwenye nao na humla anayemtunzia siri. Mtu yeyote mkubwa akikuomba siri inayokunyima usingizi, hata awe mimi, kamwambie mtu mzima mwingine."

Nilimkumbatia. Nilijua Jumapili ningeanza tena kungoja simu, na paka angesikia mengi. Lakini nilikuwa namngoja mtu ambaye sote tulijua anaumwa nini.

Baadaye nilifungua bahasha ya fomu zake mpya ili nizihakiki. Zote nilizijaza mimi, isipokuwa kisanduku kimoja. Kile alikijaza mwenyewe, kwa alama kubwa iliyopinda, kama kuku amepita.