Niliwaita Watu Kumzika Baba Yangu Akiwa Hai

Ndugu zangu wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita. Nina watoto wawili, naishi Nyasho hapa mjini Musoma, na nauza mitumba. Majina yote nimeyabadilisha, langu pia. Niiteni Wegesa. Ningependa kusema nimeyabadilisha kwa ajili ya watoto, lakini ukweli ni kwamba naona aibu...

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, walikuja watu na kamera kijijini kwetu, upande wa Butiama. Walikuwa wanatengeneza filamu. Baba hakuwa mwigizaji hata kidogo, alikuwa mfugaji tu, mrefu, mwenye sauti nzito. Wakampenda! Wakamfanya kuwa Mchunga wa Ziwani, mtu ambaye akipiga maji kwa fimbo yake wanatoka ng'ombe weupe wasio na kivuli. Sharti lilikuwa moja, ng'ombe wale wasihesabiwe. Watu kwa tamaa yao wakawahesabu, na Mchunga akarudi ziwani na kundi lake lote.

Mimi nilionekana mara moja tu, nimeshika kamba ya ndama. Gari la sinema lilipokuja kutuonyesha filamu hiyo uwanja wa shule, nilijiona ukutani nikiwa mkubwa kuliko mlango wa kanisa. Nawaambia kweli, tangu siku ile sikupona.

Wale watu waliahidi kurudi kutengeneza sehemu ya pili. Ikaja vita, halafu zikaja zile shida mnazozijua. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, petroli haipo. Nani angetengeneza filamu? Lakini baba aliitunza ile fimbo. Aliiweka juu ya dari, na kila msimu wa kiangazi aliishusha akaipaka samli.

Miaka ikapita karibu ishirini. Maduka yakajaa tena bidhaa, mimi nikapunguzwa kazini, mume akaniacha, televisheni zikaanza kuingia Musoma. Ndipo akaja Deo.

Deo alikuwa kijana kutoka Mwanza, mpole wa maneno, mwenye kamera ya video begani. Utotoni aliiona filamu ya baba na hakuisahau. Sasa alitaka kuiendeleza, si kwa filamu tena, kwa tamthilia ya televisheni ya wiki hadi wiki. Mchunga anarudi kutoka ziwani akiwa mzee. Anakufa, nchi nzima inamlilia, na binti yake anarithi fimbo ili awaite tena wale ng'ombe.

Binti huyo ni nani? Mimi! Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Hapa niwaambie habari za kaka yangu Wambura, kwa sababu bila yeye mkasa huu hauna uchungu. Wambura ni mtoto wa kwanza kwetu. Ng'ombe waliotengwa kwa mahari yake, baba aliwauza mama alipougua. Mama akafa hivyo hivyo, na mchumba wa Wambura akaolewa na mwingine. Siku ya tatu ya msiba kaka alimwambia baba, mbele za watu, kwamba amepoteza mke na mama kwa bei moja. Baba akamwambia aondoke. Wambura akahamia Kabasa, kule Bunda, akawa ananunua pamba kwa ajili ya wafanyabiashara binafsi. Kwa miaka minne hakukanyaga nyumbani.

Baba hakumtaja. Ila mara moja moja, tukiwa tunakula, angesema, "Huyo atakuja. Mimi nikifa, udongo wa kwanza ni wake. Hata akinichukia, atakuja."

Kwetu ndivyo ilivyo. Udongo wa kwanza ni wa mtoto wa kwanza wa kiume, na yeye ndiye anayenyolewa kichwa wa kwanza. Kupatana na Wambura, hata kama ni kaburini, ndilo lilikuwa tumaini la mwisho la baba, nami nilijua hivyo. Lishikeni hilo, kwamba nilijua!

Tulianza kazi. Baba aliletwa kwangu Nyasho akakaa wiki tatu, tukawa tunapiga picha ufukweni. Mzee alifurahi kama mtoto. Aliivaa ngozi yake, akapiga maji kwa fimbo, akadai chai ya maziwa kama wakubwa. Sikuwa nimemwona akicheka tangu mama afe.

Kikabaki kipande cha mazishi. Deo alitaka watu mia mbili wakilia. Alikuwa na watu kumi na wanne, tena nusu yao walikuwa wanacheka kila kamera ikiwageukia. Akaniambia, kwa upole wake ule ule, "Dada Wegesa, bila umati mazishi hayapo. Na bila mazishi huwezi kurithi fimbo. Itabidi hadithi niigeuze."

Nilielewa. Kugeuza hadithi maana yake mimi niondoke. Ningerudi kwenye meza ya mitumba, kupanga soksi za watu wasiojulikana! Maneno yakanitoka...

"Niachie mimi. Watu watakuja."

Nilichofanya kilikuwa kidogo sana. Nilikwenda stendi, nikamtafuta mama mmoja wa kijijini kwetu anayeuza samaki, nikafunga khanga kiunoni, nikamwambia kwamba baba amefia kwangu Nyasho na tunamzika nyumbani Jumamosi saa nane. Basi. Yule mama aliweka mikono kichwani. Kijijini walikuwa hawajamwona baba kwa wiki tatu, kwa hiyo nani angekuwa na shaka?

Je, sikumfikiria Wambura? Nilimfikiria! Nilijiambia kwamba akija si vibaya, watapatana. Ona jinsi mtu anavyoweza kuupaka uovu wake mafuta mpaka ung'ae.

Baba hakujua. Tulimwambia watu wote wamealikwa na wanajua ni maigizo. Hata hivyo alisita. Asubuhi ile alilizunguka jeneza, akatia kidole kwenye matundu ya hewa ambayo fundi aliyatoboa ubavuni.

"Wegesa," akasema, "mtu akilia pale kwangu, watu wanajuaga kuna maiti. Hao uliowaita, umewaambia vizuri?"

"Nimewaambia, baba."

"Wote?"

"Wote, baba."

Akaniangalia kidogo, halafu akavua viatu, akaingia. Tukampakia kwenye pikapu.

Tulipokaribia nyumbani nilisikia yowe. Kwanza moja, halafu mengi, yakitoka mashambani, yakitoka kisimani, yakija kutupokea. Mwili mzima ulinisisimka. Kulikuwa na watu zaidi ya mia mbili! Bibi kizee aliyemnyonyesha baba alipokuwa mtoto alikuwa amekaa chini anajipaka vumbi. Wanaume walikuwa wameshaanza kuchimba kaburi, pembeni ya mama. Katekista alikuwa amevaa kanzu.

Kamera haikumshtua mtu. Siku hizo wenye uwezo walikuwa wameanza kupiga video misiba yao, na watu walidhani nami nimejikakamua. Mama mmoja alinipongeza kwa kumheshimu mzee.

Katekista akasali. Alisali kweli, ndugu zangu, akamkabidhi baba kwa Mungu kwa jina lake la ubatizo, na baba yumo humo ndani anasikiliza! Deo akanifanyia ishara nisogee karibu na jeneza. Kifuniko kilifunuliwa hadi kifuani ili watu waage. Nikaishika fimbo. Nikaanza kulia.

Ndipo umati ukapasuka. Wambura alikuwa anakuja.

Alikuwa ameshanyoa. Kichwa kilikuwa kinang'aa, na kwenye sikio moja kulikuwa na damu mahali wembe ulipomkata. Nyuma yake mtu alikuwa anamvuta dume jeupe, kubwa, ng'ombe wa msiba. Hakuniangalia. Alianguka magotini mbele ya jeneza, akashika mbao kwa mikono miwili.

"Baba, nilikuwa nakuja," akasema. "Nilikuwaga nasema mwezi ujao, mwezi ujao... Huyu ng'ombe nilikununulia wewe ukiwa hai, baba. Nilitaka nikwambie hukukosea. Mama alikuwa mama. Hukukosea!"

Ningeweza kusimamisha. Palikuwa na nafasi. Ningesema neno moja tu, "Kaka". Lakini nilimsikia Deo nyuma ya kamera ananong'ona, "Endelea, dada, endelea hivyo hivyo." Nikaendelea. Nikapaza sauti.

Halafu mkono wa baba ukatoka jenezani ukamshika Wambura shingoni.

Sitasahau ukelele ule maisha yangu yote. Watu walikimbia, wakakanyagana, bibi kizee akaanguka juu ya udongo wa kaburi. Wambura alirudi nyuma akitambaa. Baba aliketi, machozi yanamtiririka, akasema, "Mwanangu, nimesikia. Njoo. Nimesikia!"

Lakini Wambura alikuwa ameshaiona kamera. Akaitazama, akamtazama Deo, akanitazama mimi na fimbo yangu. Akajipapasa kichwa chenye upara.

"Mmenichezea," akasema. "Baba na binti."

Baba akaapa kwamba hakujua. Alimfuata hadi njiani na miguu mitupu, huku anaapa kwa kaburi la mama. Nani angemwamini mtu aliyetoka jenezani? Wambura akamwambia, tena bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza, "Mimi nimeshanyoa, mzee. Nimeshakuzika. Mtu hanyoagi mara mbili." Akamwacha yule ng'ombe palepale, akaenda zake.

Wazee walikuja jioni. Waliamuru dume lile lichinjwe kuusafisha mji wa baba, na lile shimo lifukiwe na mgomba ndani yake badala ya mtu. Deo alishaondoka na kanda zake. Na mimi? Siku ya pili nikamfuata, kwa sababu vilibaki vipande vyangu vya ufukweni. Nilimwacha baba peke yake na watu wasiomsalimia.

Kabla sijaondoka nilimwambia atafute mtu wa kulibeba lile jeneza. Akasema, "Liache. Lina kipimo changu."

Baba aliugua kifua mwezi wa pili baada ya hapo. Nilifika akiwa bado anaongea. Nilijitupa miguuni pake nikaomba msamaha, akanipa, maana alikuwa baba. Kisha akasema, "Nilimshika shingo. Ilikuwa ya moto. Umwambie sikuwa naigiza."

Alikata roho alfajiri. Nilitoka uani nikapiga yowe...

Hakuna aliyekuja.

Nikapiga tena, mpaka sauti ikakauka. Kule ng'ambo ya shamba niliona jirani akitoka na ndoo yake, akasimama, akasikiliza, akaendelea na safari ya kisimani. Baadaye nilipita nyumba kwa nyumba, nikigonga, nikiapa. Mzee mmoja aliniuliza, "Na leo kamera mmeificha wapi?" Katekista alikubali kuja baada ya kumtuma mkewe akaguse miguu ya maiti.

Nilimwandikia Wambura barua, nikaipeleka mwenyewe Kabasa. Nilimkuta anapima pamba. Hakuifungua. Aliniambia, "Safari hii pigeni picha bila mimi." Nikapiga magoti kwenye vumbi, mbele ya wakulima waliokuwa kwenye mstari. Mmoja wao akacheka, akasema dada huyu ni hodari kweli!

Tulimzika baba watu kumi na mmoja, ndani ya jeneza lile lile. Yale matundu ya hewa niliyaziba mimi kwa udongo. Udongo wa kwanza nilitupa mimi, mwanamke, kwa sababu hakukuwa na mwingine.

Wambura alikuja siku ya tisa, alipothibitisha kwamba baba amekufa kweli. Alisimama kaburini peke yake tangu asubuhi mpaka jua likawa kali. Nikamfikishia maneno ya baba, kwamba hakuwa anaigiza. Alitikisa kichwa polepole, akapanda baiskeli yake. Hajanisemesha hadi leo.

Tamthilia ikaonyeshwa. Jumapili moja jioni jirani yangu aliyenunua televisheni alituita, sebule ikajaa, madirisha yakajaa. Mazishi yalipofika, watu walilia kama mvua. Nyasho nzima ilimlilia baba yangu, mtu ambaye kaburini kwake nilikosa wa kunishika mkono! Walimlilia Wambura, wakasema kijana huyu ni mwigizaji wa ajabu.

Mimi sikulia. Nilikuwa nakitazama kitu kimoja nyuma ya Wambura. Ni mimi. Kaka anasema "hukukosea", na mimi, kwa nukta moja tu, naacha kulia na kuinua macho. Simtazami kaka. Simtazami baba. Naangalia kama kamera inanipata vizuri.

Ndugu zangu, sikatazi mtu kuigiza. Kazi ni kazi. Lakini ukihitaji watu wakulilie, waambie ukweli, hata wakija watatu. Msiba msiuchezee. Na mwenye ugomvi na mzazi wake asiseme mwezi ujao... aende leo, nawaomba, aende leo.

Wiki iliyopita mwanangu mdogo alipandwa na homa akapoteza fahamu. Nilitoka nje nikapiga kelele za kuomba msaada. Milango ilifunguka kidogo, mmoja mmoja, watu wakachungulia. Niliyaona macho yao. Kabla ya kuja kwangu, kwanza walikuwa wanaitafuta kamera.