Moto wa Rukara

Huko vilimani, juu ya Bihambwe, mwenye ng'ombe huwasha moto wa samadi zizini kila jioni, moshi ufukuze nzi. Moto huo unaitwa igicaniro, na hauzimwi. Ukizimwa, basi mwenye zizi amekufa, na majirani wanajua waje kulia. Hata mtoto wa kilima kile anajua hilo. Ndiyo maana wale wanaume nawashangaa hadi leo.

Jumapili moja watu walipotoka kanisani, alikuja mgeni. Ndama walikuwa wanakufa siku hizo, kila zizi na msiba wake. Mgeni akasema kwa upole kwamba dawa ipo: kesho jioni, kila zizi lizime moto wake. Ukibaki hata mmoja, ndama wa wote watakwisha. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, barabara tope tupu, lakini viatu vya yule mtu vilikuwa safi. Daphrose, mmoja wa wanawake pale, aliviona. Wenzake walikuwa wanamtazama mgeni mdomo.

Wanaume wakaitikia mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeitikia alimtazama jirani yake kwanza. Bendera hufuata upepo. Akabaki Daphrose. Mumewe Rukara alikuwa ameswaga fahali kwenda kuwauza huko Walikale, ng'ambo ya msitu, na simu yake ilikuwa haipatikani. Moto ule ndio pekee uliomwambia kwamba mumewe yuko hai. Akasema hapana, akaenda zake.

Ehe, sema hapana mbele ya kilima kizima, uone! Hakorimana, jirani aliyekuwa akimkamulia ng'ombe tangu Rukara aondoke, maana huko mwanamke hakamui, asubuhi hakuja. Ng'ombe walilia, viwele vimevimba hadi maziwa yakadondoka yenyewe. Kwenye chemchemi wanawake walinyamaza alipofika. Mchana Hakorimana akapita, akasimama nje ya uzio.

"Dada, sisi tuko bakristu," alisema. "Mambo ya zamani tuliacha. Moto iko moto tu."

"Kama iko moto tu," Daphrose akamjibu, "juu ya nini munaitaka sana?"

Hakorimana alitema mate, akamwita kichwa nguvu, mwanamke wa kumaliza ng'ombe za watu. Na Daphrose aliogopa, msidhani hakuogopa. Alipanga samadi huku machozi yanamtoka. Lakini kuna watu ukiwasukuma, ndipo wanapokanyaga chini zaidi, na yeye alizaliwa hivyo.

Jioni ukungu ukashuka. Mioto ikazimika ng'ambo ya bonde, kisha ya karibu. Epiphanie, mke wa Hakorimana, akaja mbio na ndoo ya maziwa.

"Amekamua sasa hivi," alinong'ona. "Shika."

Daphrose akatia kidole. Maziwa yalikuwa baridi kama ya jana. Akauliza kama Hakorimana ni mgonjwa. Epiphanie akatikisa kichwa, akaanza kulia.

Kisha wakaja. Wanaume wote wa kilima, kila mmoja na ndoo ya maji. Baridi ilikuwa kali, na mvuke ulimtoka Daphrose mdomoni. Epiphanie pia. Wanaume hawakutoa mvuke wowote.

"Zima," alisema Hakorimana.

"Sizimi."

"Sisi bote tumezima."

"Njo maana sizimi."

Hakorimana akamwaga ndoo yake. Maji yakapiga upande wa kushoto. Moto ukalia, ukafa nusu. Daphrose akajitupa juu ya nusu iliyobaki. Nguo ikaungua. Ngozi ikaungua. Hakuondoka. Ndoo ya pili ikainuliwa.

Mluzi ukasikika barabarani. Mluzi wa mchungaji anayeita ng'ombe, mpole kama sauti ya yule mgeni.

Wakaweka ndoo chini. Wakageuka. Wakateremka kwa mstari, vichwa vimeinama, kuelekea msitu wa Walikale. Epiphanie alimwita mumewe kwa jina. Hakugeuka. Hawajarudi hadi leo, na ndama waliendelea kufa vilevile.

Rukara alirudi mzima, anacheka, akamkuta mkewe amefungwa vitambaa tumboni. Alipohadithiwa, kicheko kikakatika. Akasema jioni ile ile, njiani msituni, alisikia kama amemwagiwa maji upande mmoja tu, na mvua haikuwepo.

Sasa anakamua mwenyewe. Maziwa ya mkono wa kuume yanatoka na mvuke wake. Ya mkono wa kushoto yanatoka baridi. Daphrose amempa ndoo mbili, na hiyo ya kushoto huimwaga mwenyewe kila jioni, mbali na moto.