Mpaka Uliobaki Ofisini

Kila asubuhi, kabla ya chai, Kilonzo alienda kwenye ploti yao kuangalia mawe yake. Familia yake iliishi Kyumbi, katika chumba cha mabati cha kupanga, karibu na ploti hiyo. Kilonzo alichonga mawe katika machimbo ya Lukenya kwa miaka kumi na tisa, mpaka vumbi likamharibu kifua. Sasa hakuweza kazi tena. Lakini mawe aliyokusanya yalitosha nyumba ya vyumba vitatu.

"Hayo mawe hayatatoroka," mkewe Wayua alimwambia. "Kuja unywe chai."

"Nayasalimia tu."

"Mimi hujanisalimia."

Binti yao Ndila alicheka. Yeye alifanya kazi Machakos mjini, katika ofisi ndogo ya kuchora ramani za nyumba kwa kompyuta. Huo ulikuwa mwaka wa 2003. Ramani ya nyumba ya wazazi wake aliichora yeye mwenyewe. Sasa msingi ulikuwa tayari, na ukuta ulikuwa umefika kwenye magoti.

Jumamosi moja afisa wa barabara alikuja na tepu ya kupimia. Alipima, akaangalia karatasi zake, akapima tena. Kisha akapaka alama nyekundu kwenye ukuta.

"Mzee, hii ukuta iko kwa barabara. Mita tatu."

"Mpaka ni ule ua wa mkonge," Kilonzo alisema.

"Mkonge ulipandwa na nani?"

"Baba yangu."

"Baba yako hakuwa mpimaji. Bomoa mwenyewe. Baada ya siku kumi na nne tutaleta tingatinga."

Afisa alipoondoka, Kilonzo alimgeukia binti yake. "Ndila, wewe ulichora mpaka wapi?"

Ndila alileta ramani. Kuta, milango na madirisha vilichapwa vizuri na mashine. Lakini mstari wa mpaka ulichorwa kwa kalamu na rula.

"Ramani ilitoka bila mpaka," alisema polepole. "Niliona haya kuuliza. Nikauchora mwenyewe, pale kwa mkonge."

Kilonzo hakumgombeza. Aliketi juu ya ukuta, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Ndila angependa kutukanwa kuliko kuona hivyo. Wayua alichukua nyundo, akaanza kubomoa. Mawe mengi yalivunjika, maana saruji ilikuwa imeshika.

Jumatatu Ndila alienda kwa Layla, aliyefanya kazi katika ofisi ya mpimaji wa ardhi mjini. Layla ndiye aliyempa ramani ya ploti kwa disketi. Ndila alisimama mlangoni muda mrefu.

"Ingia, mdogo wangu. Mlango hauna mbwa," Layla alisema. "Kuna nini?"

Ndila alimweleza yote. "Dada Layla, mpaka nilikuwa nauona kwa kompyuta yangu, ingawa sikuangalia unapita wapi. Kwa duka la kuchapa haukuwepo. Nani aliufuta?"

"Hakuna aliyeufuta. Ulibeba nini kwenda kuchapa?"

"Disketi. Niliweka ramani ya nyumba."

"Na ya ploti?"

"Si iko ndani ya ile ya nyumba?"

Layla alitikisa kichwa. Alivuta kiti, akamketisha mbele ya kompyuta.

"Hapo ndipo ulipopotea. Ulipoziunganisha ramani hizo mbili, ramani ya ploti haikuingia ndani ya ramani ya nyumba. Ni kama kuangalia kwa jirani kupitia dirisha. Unaona kila kitu, lakini si chako. Kompyuta inakumbuka tu jirani anakaa wapi. Kule dukani ilimtafuta, ikamkosa."

"Basi kwa nini nisinakili tu kila kitu kwa ramani moja?"

"Mpimaji akirekebisha mpaka kesho, nakala yako itabaki na ule wa zamani. Ukiunganisha, ukifungua nyumba yako utaona mpaka mpya. Kuunganisha ni kuzuri. Lakini weka ramani zote mbili kwa folda moja, na ubebe folda nzima. Disketi ikijaa, tumia CD."

"Na nitajuaje kama zimefika zote?"

"Fungua kwa mashine nyingine kabla ya kuchapa. Angalia orodha ya ramani zilizounganishwa. Ukiona moja haijapatikana, usichape."

Ndila aliinamisha kichwa. "Kule dukani mashine iliandika kitu kama hicho. Mwenye duka alibonyeza, ikaondoka. Mimi nilinyamaza."

"Ungesema."

"Najua."

Layla alifungua ramani zote mbili. Mstari wa mpaka ulitokea katikati ya chumba cha tatu. Ndila aliutazama, kisha akakifuta chumba hicho.

Alizitia ramani zote mbili kwenye folda moja, na folda kwenye CD. Katika duka la kuchapa alimwomba mwenye duka asubiri. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini aliomba. Alisoma orodha. Ramani ya ploti ilipatikana. Ndipo akachapa.

Msingi mpya ulichimbwa kwa kufuata karatasi hiyo. Afisa alirudi, akapima mara mbili, akaukubali. Mawe mazima yalitosha vyumba viwili tu. Kilonzo hakuweza tena kuinua hata moja. Wayua na Ndila waliyabeba, naye akawa anaangalia.

Walihamia kabla ya mvua za Novemba. Siku hiyo hakuna aliyeimba. Kilonzo aliketi mlangoni, akashika kifua. Mbele yake Ndila alikuwa akivaa viatu vya kwenda kazini.

"Ile ramani ya Katunge umeichapa?" baba alimwuliza. Katunge alikuwa jirani yao, naye alitaka kujenga.

"Bado. Anaiulizia kila siku. Lakini nataka kuifungua kwanza kwa mashine nyingine."

"Mwambie angoje," Kilonzo alisema. "Kama atakasirika, mlete hapa. Nitamwonyesha mahali chumba changu kilikuwa."