Asiyeitika Hapigi

Haya yalitokea mtaani kwetu Bagamoyo, mchana kweupe. Biubwa alikuwa amemaliza kuosha masufuria ya arobaini ya babake. Tangu mazishi hakuwa amelia. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, naye akauacha hivyo hivyo.

Babake, Mwinyijuma, aliongoza bendi ya jazi, mwenyewe akipuliza saksafoni katikati ya matari ya zikri, mpaka mdomo wake wa chini ukaota sugu kwa ndani. Wengine waliuita muziki wa mashetani. Nota hakuandika. Alimwita mpigaji kwa jina. Akiitika "naam", anaingia na chochote kilicho moyoni mwake. Asiyeitika hapigi.

Sauti yake ilibaki kwenye kaseti moja tu. Shangazi Ashatu, asiyeziamini simu, aliiokota kaseti hiyo hiyo akarekodi hitma juu yake.

"Haidhuru, shangazi," Biubwa alisema. Ilimdhuru, ila hakujua wapi.

Sasa binamu yake Zeyana, aliyeko Maskati, aliomba kuisikia hitma. Biubwa akaitia kaseti kwenye redio, akaiwasha, akashikilia kitufe cha simu kurekodi ujumbe wa sauti. Kando yake alikaa mzee Ridhiwani, mpiga besi, pekee aliyebaki hai katika bendi.

Dua ikaisha. Kaseti ikaendelea kuzunguka.

"Kibwana," ikaita sauti ya babake.

"Naam." Tari likalia. Kibwana alizikwa mwaka juzi.

"Khamis."

"Naam." Tarumbeta. Khamis naye marehemu.

"Ridhiwani."

"Usiitike, mzee," Biubwa alinong'ona. "Nakuomba."

Mzee alimtazama kwa haya. Miaka arobaini hakuwahi kuitwa na mtu huyo akanyamaza.

"Naam, kiongozi."

Besi ikalia ndani ya redio. Tasbihi ikamponyoka mzee. Alikuwa amekwenda.

"Biubwa."

Alijiziba mdomo kwa kanga. Alitamani kuitika kuliko alivyowahi kutamani kitu duniani. Hakuitika. Kaseti ikafika mwisho, kidole kikalegea, ujumbe ukaenda.

Asubuhi walimzika Ridhiwani. Biubwa hakulia.

Jioni Zeyana akajibu, kwa sauti ya chini.

"Pole, bibi. Nimesikiliza mpaka mwisho. Ami kakuita, nawe umeitika abee, vizuri kabisa. Halafu ukapuliza saksafoni. Umejifunza lini?"

Biubwa alipitisha ulimi ndani ya mdomo wake wa chini. Palikuwa na sugu, ngumu, ya miaka mingi, pale pale babake alipokuwa nayo.