Mawe Yaliyosagana

Mwili wa Gustave ulikutwa chini ya gurudumu la kinu cha maji, kule mtoni Westville, kitongoji cha Durban, kifua kimebanwa na ubao wa gurudumu. Gurudumu lenyewe lilikuwa limesimama tuli.

"Alikuwa amekunywa, Mama Inspekta," alisema Fabien, Mrundi aliyekuwa akisaga naye. "Akateleza."

"Muongo!" Marie-Louise, mjane wa Gustave, alipaza sauti kutoka mlangoni. "Bwana yangu hakugusa pombe tangu abatizwe. Mama, wasimuzike na jina la mulevi!"

Inspekta Rhoda Kalonji alimwahidi kwamba hatazikwa nalo. Alikuwa mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Durban, na neno "ajali" likitangulia maswali yake humkera kuliko mbu.

"Ulimwona mara ya mwisho lini?" alimuuliza Fabien.

"Jana saa kumi. Nilimuacha peke yake anasaga mahindi ya kanisa. Nikapanda taxi, nikaenda town. Asubuhi nikamukuta hivi."

"Uligusa chochote?"

"Hapana."

Rhoda alipanda kwenye mawe ya kusagia. Sanduku la mahindi lilikuwa tupu. Alichota unga ukingoni, akaunusa. Ulikuwa wa kijivu, unanuka moto. Akatoka nje kukagua mfereji unaoleta maji kwenye gurudumu. Lango la maji lilikuwa limeshushwa hadi chini.

Akarudi ndani.

"Fabien, mahindi yakiisha huku gurudumu linazunguka, inakuwaje?"

"Eish! Mawe yanakulana! Yanatoa moto, yanaharibika kabisa. Lazima ukimbie kufunga maji."

"Nani alikimbia?"

Rhoda alimwonyesha ule unga wa kijivu.

"Mahindi yaliisha, mawe yakasagana mpaka unga ukaungua. Gustave kabanwa chini. Maji yamefungwa kule juu. Na wewe ndiye uliyesema alikuwa peke yake."

Fabien alikaa chini kwenye gunia.

"Gustave alikubali patron, mwenye kinu, aweke mota ya umeme," alisema. "Mawe yaende kwa matajiri wa Morningside, yawe meza za bustani. Mawe yangu! Nimeyachonga tangu nifike hii nchi, vumbi lake iko ndani ya kifua yangu. Nikamuambia, Papa, kataa. Akacheka. Nikamusukuma, akaangukia gurudumu."

"Kisha?"

"Nilisimama tu. Halafu nikasikia mawe yanalia, nikakimbia kufunga."

Marie-Louise aliingia, akasimama mbele yake. Rhoda hakumzuia.

"Gurudumu iliposimama," aliuliza mjane, "alikuwa amekufa?"

Fabien alitikisa kichwa. "Bado."

"Alisema kitu?"

Rhoda alishika pingu mkononi akingoja.

"Alizania nimefunga maji kwa ajili yake," alisema Fabien. "Aliniambia, aksanti, mwanangu. Nikapanda juu kuangalia mawe kama yamepasuka. Halafu nikaenda kwangu."