Mdandiaji wa Kwenye Jiwe

Haya yalimpata dada yangu mkubwa, daktari wa meno, na si mtu wa porojo. Alinisimulia akiwa amekaa jikoni kwangu, chai inapoa mbele yake, macho hayatulii.

Kwenye chumba cha kungojea aliweka tangi la samaki la maji ya chumvi ili watoto wasahau woga. Muuza samaki akamletea jiwe hai, yaani jiwe lililotolewa baharini pamoja na viumbe vinavyoishi ndani yake.

"Chunguza wadandiaji, daktari, hao viumbe wanaokuja wamejificha kwenye jiwe," alimwonya. "Wengine hawana neno. Wengine watakumalizia samaki."

Dada alifurahi kama mtoto. Kila akipata upenyo kati ya wagonjwa, tochi mkononi, anakodoa macho kiooni. Konokono, huyo abaki. Kiti cha pweza, yule wa umbo la nyota, mdogo kama ukucha, abaki. Mnyoo mwenye manyoya ya kuwasha, huyo alimtoa kwa kibanio. Nyuma yake husimama msaidizi wake, binti tuliyembandika jina la Chiriku kwa vile mdomo wake haukuwa na likizo.

"Kaa huyo, daktari! Mtazame anavyotembea upande upande, kama shemeji anayekwepa deni!"

Kisha samaki wakaanza kupungua. Hakuna mfupa uliobaki. Wala gamba.

Dada alilishuku tundu moja upande wa chini wa jiwe. Mchana mmoja, wagonjwa walipokwisha, alizamisha mkono na kile kioo kidogo cha kuchungulia mdomoni. Akamulika.

Ndani mlikuwa na jino.

Si la kaa. Si la samaki. Gego la mtu, limesimama kwenye ufizi wa rangi ya waridi. Ufizi ulikuwa unapumua. Kando ya gego palikuwa na vishimo vitupu, vimejipanga, kama vinangoja mengine.

Akasogeza kioo. Gego lilikuwa limezibwa. Fundi cherehani anaujua mshono wake hata gizani. Na dada aliijua kazi yake.

Lilikuwa gego la Chiriku.

"Chiriku," aliita polepole. "Hebu njoo."

Hakuja. Ndipo akatambua kwamba tangu asubuhi hajamsikia akitamka neno.

Alimkuta kwenye kiti cha wagonjwa, kajilaza, mkono mdomoni.

"Fungua mdomo, mdogo wangu."

Akatikisa kichwa. Machozi yakamchuruzika.

"Ni mimi. Fungua."

Akafungua. Maji yakamwagika kifuani, yananuka bahari. Hapakuwa na damu wala kidonda. Pengo tu. Jeusi, safi.

"Haliumi," Chiriku alinong'ona. "Ila kuna kitu kinatembea."

Dada alimpiga picha mbili za eksirei, moja baada ya nyingine, kisha akamkimbiza hospitali. Walilifungua taya, hawakukuta kitu. Jiwe alilivunja uani kwa nyundo. Chokaa tupu.

Sasa Chiriku amepona, anaongea kama zamani.

"Hospitali wamesema ni dosari ya mashine," dada aliniambia, akiziweka picha mezani.

Kwenye ya kwanza, chini ya pengo, kuna kitu chembamba kimejikunja.

Kwenye ya pili, pale ni patupu. Kitu kimejinyoosha. Kiko juu zaidi, karibu na sikio.